Bangi, upimaji na adhabu kwa mwanasoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Haya ni maswali yanayorudi tena na tena kutoka kwa wachezaji, makocha na wazazi wa Lubumbashi, kuanzia vijana wa viwanja vya vumbi vya Katuba na Ruashi hadi waliokwisha kusaini kontra katika Linafoot, ligi kuu ya Kongo. Majibu yanafuata kanuni ya dunia ya kupambana na dopingi ya mwaka 2021. Shirika linaloisimamia ni AMA, ambalo Waingereza wanaliita WADA, lenye makao Montreal. FIFA na CAF zinaitumia kanuni hiyo hiyo. Kama umekwisha kupokea barua ya matokeo, usipoteze muda hapa. Mtafute avoka (wakili) leo, maana siku za kujibu zinahesabiwa.

Bangi imekatazwa kwa mwanasoka, ndiyo au hapana?

Imekatazwa wakati wa mashindano tu. Wakija kukupima mazoezini Jumanne, maabara haitafuti bangi. Wakikupima baada ya mechi, inaitafuta. Ila angalia vizuri maana ya "wakati wa mashindano": unaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi, na unaisha pale sampuli ya mwisho inapochukuliwa.

Hiyo ni kanuni ya michezo. Sheria ya nchi ni jambo jingine: Kongo inakataza bangi siku zote, na polisi akikukamata nayo mfukoni hatakuuliza kalenda ya Linafoot. Matokeo ya maabara ya mpira hayakupeleki Kasapa, gereza la Lubumbashi. Kukutwa na mzigo kunaweza.

Nikivuta Jumatano na mechi ni Jumapili, nitapatikana?

Inawezekana kabisa, na hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Wanasikia "wakati wa mashindano tu" wanadhani siku nyingine wana ruhusa. THC, kile kitu kinacholewesha ndani ya bangi, hukaa katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Maabara haiulizi kama bado umelewa. Inapima mabaki yaliyomo katika mkojo wako saa ile.

Kwa mtu anayevuta mara moja moja, mabaki hupungua ndani ya siku chache. Anayevuta kila siku anaweza kuyabeba kwa majuma kadhaa hata baada ya kuacha. Inategemea umevuta kiasi gani, bangi yenyewe ilikuwa na nguvu gani, na mwili wako ukoje. Kwa hiyo hakuna daktari mwaminifu atakayekuambia "siku nne zinatosha", na yule rafiki anayekuambia hivyo hatakuwepo barua ikifika.

Kuhusu maziwa, ndimu, siki na ndoo ya maji: achana navyo. Maji mengi yanafanya mkojo uwe mwepesi mno, na mkojo mwepesi mno afisa wa upimaji anaupima palepale na kuona hautoshi. Utabaki kwenye kile chumba, ukitoa sampuli nyingine, hadi utoe inayokubalika, huku basi la timu linakusubiri.

Kipimo chenyewe ni kiasi gani?

Nanogramu 150 kwa mililita moja ya mkojo. Maabara huacha nafasi kwa ajili ya makosa ya upimaji, kwa hiyo tatizo linatangazwa pale kiasi kinapozidi 180.

Hadi mwaka 2013 kipimo kilikuwa 15. Kilipandishwa mara kumi kwa makusudi, ili kimkamate aliyevuta karibu na mechi na kumwacha aliyevuta likizoni. Ross Rebagliati wa Kanada alishinda dhahabu ya snowboard katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akapatikana na nanogramu 17.8, akanyang'anywa medali, kisha akarudishiwa kwa sababu bangi haikuwa hata kwenye orodha ya michezo ile. Kwa kipimo cha leo asingeitwa. Lakini mvutaji wa kila siku bado anaweza kuvuka 150 bila kugusa kitu siku ya mechi, na kanuni haimwonei huruma kwa hilo.

Na moshi wa wengine? Nyuma ya goli watu wanavuta.

Kwa kipimo cha sasa, moshi unaoupitia tu uwanjani hautakufikisha 150. Kisingizio hiki kilikuwa na uzito kidogo zamani za 15. Leo ukikileta mbele ya tume, watakutazama tu.

Nikipatikana, nafungiwa kwa muda gani?

Tangu 2021 THC iko katika kundi la pekee pamoja na kokeini, heroini na MDMA: vitu ambavyo watu huvitumia katika maisha ya kawaida, nje ya michezo. Ukithibitisha kwamba ulitumia nje ya wakati wa mashindano, na kwamba haikuhusiana na kutafuta nafuu uwanjani, adhabu ni miezi 3. Ukikubali kufuata programu ya matibabu iliyoidhinishwa na kuimaliza, inaweza kushuka hadi mwezi 1.

Anayetakiwa kuthibitisha ni wewe. Hawatakufanyia kazi hiyo. Shahidi, ujumbe wa simu wa usiku ule, maelezo ya mtaalamu wa maabara kwamba kiasi kilichopatikana kinaendana na siku unazozitaja: hivyo ndivyo vinavyosaidia. "Ni marafiki walinipa" haitoshi.

Ukishindwa kuthibitisha, au ikionekana ulivuta ndani ya wakati wa mashindano, unaingia katika adhabu ya kawaida ya miaka 2, na ikithibitika ulikusudia kupata faida uwanjani inaweza kufika 4.

Wakati wa adhabu huruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu, mbali na kipindi cha mwisho: miezi 2 ya mwisho au robo ya mwisho ya adhabu, ile iliyo fupi kati ya hizo mbili. Kwa aliyefungiwa miezi 3, hayo ni kama majuma matatu.

Na mwezi mmoja si mdogo kila mara. Sha'Carri Richardson wa Marekani alishinda mita 100 katika majaribio ya Olimpiki mwaka 2021, jimboni Oregon ambako bangi ni halali. Alifungiwa mwezi mmoja tu. Matokeo yake yakafutwa, Tokyo akaitazama kwenye televisheni.

Yaya, si bora nikimbie tu? Nikisikia wapimaji wamefika, niumie dakika ya 60, niende hospitali.

Hapana. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Kukataa kupimwa, kukimbia, au kujificha baada ya kuarifiwa kuna adhabu ya miaka 4. Linganisha mwenyewe: mwezi 1 au miezi 3 kwa bangi iliyovutwa mbali na mechi, miaka 4 kwa kutoroka chupa. Mchezaji wa miaka 23 anayetoroka anarudi akiwa na 27, bila klabu, bila miguu ya mechi. Tena kanuni haijali ulikuwa unaficha nini. Hata kama mkojo wako ungekuwa safi, kosa la kutoroka linasimama peke yake. Na mchezaji aliyetolewa uwanjani kwa kuumia bado anaweza kuchaguliwa.

Rio Ferdinand alisahau kupimwa mwaka 2003 kwenye uwanja wa mazoezi wa Manchester United. Alipimwa baadaye, hakukutwa na kitu. Alifungiwa miezi 8, akatozwa faini ya pauni 50,000, akaikosa Euro 2004. Wakati ule kanuni zilikuwa laini kuliko leo.

Wanaowashauri vijana wakimbie mara nyingi ni watu wazima wanaojilinda wenyewe. Mchezaji ndiye anayebaki na miaka minne.

Upimaji wenyewe unakwendaje?

Kwa kawaida majina huchaguliwa kwa kura, lakini mchezaji anaweza pia kulengwa kwa jina. Mara baada ya filimbi, msindikizaji anakufikia, anakuarifu, unasaini. Tangu hapo hakuachi machoni. Una haki ya kuongozana na mtu wa timu, daktari akiwepo ni bora, na ya kupata mkalimani. Unaweza kuomba kuchelewa kwa sababu ya kweli, kama sherehe ya kombe au matibabu ya jeraha, lakini ukiwa chini ya macho ya msindikizaji.

Chumbani unachagua mwenyewe kikombe na chupa zilizofungwa. Unakojoa mbele ya shahidi wa jinsia yako, anayeangalia kweli. Vijana wengi hili ndilo linalowashtua. Inatakiwa angalau mililita 90. Aliyecheza dakika tisini kwenye jua la Oktoba la Lubumbashi anaweza kukaa saa mbili akinywa maji kabla ya kuzipata. Mkojo unagawanywa chupa A na chupa B, wewe mwenyewe unazifunga, namba inaandikwa. Jina lako halifiki maabara.

Kuna sehemu ya fomu ya kuandika dawa ulizotumia siku za karibuni na sehemu ya malalamiko. Zitumie zote mbili. Kama kikombe kilikuwa wazi, kama hukupewa nafasi ya kuita mtu wako, andika hapo hapo. Kulalamika majuma matatu baadaye kwa mdomo hakuna uzito. Na chukua nakala yako, usimwachie mtunza vifaa.

Chupa A ikionyesha kitu, una haki ya kuomba B ifunguliwe, wewe au mwakilishi wako akiwepo.

Timu inapoteza pointi?

Kwa mchezaji mmoja, kwa kawaida hapana. Zaidi ya mmoja wakitajwa, timu nzima inapimwa kwa kulengwa. Wakizidi wawili na makosa yakathibitika katika mashindano yale yale, hapo timu yenyewe inaadhibiwa, na pointi zinaweza kwenda. Kwa hiyo wale mashabiki wa Lupopo wanaongoja mchezaji mmoja wa Mazembe apatikane ili ubingwa uhamie kwao, na wale wa Mazembe wanaongoja kinyume chake, wapumzike.

Komite imeniambia ninafukuzwa kwa sababu "watu wanasema unavuta". Wana haki?

Kwa maneno ya watu, hapana. Klabu ina mamlaka yake, mbali na FIFA na CAF: kontra na kanuni za ndani. Kama kanuni za ndani ulizosaini zinakataza bangi kambini, klabu inaweza kukutoza faini, kukuweka nje ya kikosi, na kosa likiwa zito kuvunja kontra. Lakini lazima kuwe na kosa lenye ushahidi, barua, na nafasi ya kujieleza mbele ya watu wanaosikiliza. Uvumi wa kijiweni Kamalondo si ushahidi.

Nimeona kwamba tuhuma za bangi zina tabia ya kutokea mwishoni mwa msimu, dhidi ya mchezaji ambaye klabu inamdai magoli na yeye anaidai mishahara. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa angalau mishahara miwili anaweza kuvunja kontra kwa sababu ya haki, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Basi tuhuma ikija ghafla, angalia kwanza akaunti yako. Mzambia anayecheza Lubumbashi anaweza kufika FIFA kwa sababu kesi yake inavuka mpaka. Mkongo katika klabu ya Kongo anaanzia vyombo vya FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo.

Upande wa pili, klabu yenye ushahidi inaweza kuuma vibaya. Chelsea walimfukuza Adrian Mutu mwaka 2004 baada ya kupatikana na kokeini. Alifungiwa miezi 7, akapata klabu Italia, akadhani yameisha. Kesi ya fidia iliendelea miaka na miaka, akaamriwa kuilipa Chelsea zaidi ya euro milioni 17, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne (TAS) haikumwokoa.

Hull City walikuwa na kesi inayofanana mwaka 2015: Jake Livermore, kokeini vilevile. Ilipojulikana kwamba alikuwa amempoteza mtoto wake mchanga na alikuwa anazama, shirikisho la Uingereza halikumfungia, klabu ikambakiza, na mwaka 2017 alirudi timu ya taifa. Mimi nadhani Hull walifanya kazi ya klabu. Chelsea walifanya kazi ya benki.

Bangi inaongeza nguvu kweli? Mabeki wanasema inaondoa woga.

Inaondoa woga, na pamoja na woga inaondoa hesabu ya umbali. Bangi hupunguza kasi ya kuitikia, huvuruga uratibu wa mwili na hupandisha mapigo ya moyo. Beki anayejisikia simba anafika kwenye mpira mshambuliaji akiwa amekwisha kupita.

Kwa nini basi iko kwenye orodha? Kitu huingizwa kikitimiza mambo mawili kati ya matatu: kinaweza kuongeza uwezo, ni hatari kwa afya, au kinakwenda kinyume na roho ya michezo. AMA waliipitia bangi upya na mwaka 2022 wakaamua ibaki, wakisimama hasa juu ya afya na roho ya michezo. Hoja ya afya naielewa. Ile ya roho ya michezo ni mfuko mpana mno, unaweza kutia chochote humo, na pombe haikutiwa.

Pombe je? Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji?

Haiko kwenye orodha ya mpira. Ukinywa lutuku Jumamosi usiku, AMA haina neno nawe. Kocha wako atakuwa nalo, na ini lako pia.

Kuna wachezaji wakubwa waliowahi kufungiwa kwa bangi?

Wapo. Chris Armstrong wa Crystal Palace alipatikana mwaka 1995, akakaa nje majuma manne, na mwaka ule ule Tottenham wakamnunua. Ufaransa ilikuwa na makipa wawili: Fabien Barthez alifungiwa mwaka 1996, Bernard Lama mwaka 1997. Lama alikuwa kipa namba moja katika Euro 1996, na mtu aliyechukua goli lake ni huyo huyo Barthez aliyemtangulia kufungiwa. Mwaka 1998 wote wawili walikuwa kikosini Ufaransa ilipobeba Kombe la Dunia, Barthez akiruhusu magoli mawili tu mashindano yote.

Siwataji ili mtu ajipe moyo wa kuvuta. Nawataja kwa ajili ya viongozi wanaosema kijana aliyepatikana mara moja "amekwisha".

Vidonge vya maumivu, sindano na dawa za kienyeji ni salama?

Hili linanitia hofu kuliko bangi. Tramadol, ambayo vijana hununua kidonge kimoja kimoja sokoni, imekatazwa wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024. Sindano za kotikoidi, zile anazochomwa mchezaji gotini ili acheze kesho, zimekatazwa wakati wa mashindano tangu 2022, isipokuwa uwe na ruhusa ya matibabu. Mizizi na unga wa chupa isiyo na jina huwezi kuvithibitisha kwa mtu yeyote.

"Sikujua" inapunguza adhabu wakati mwingine, haiifuti. André Onana wa Kameruni alimeza dawa ya mke wake akidhani ni yake. UEFA walimfungia miezi 12 mwaka 2021, TAS wakapunguza hadi 9. Kolo Touré wa Côte d'Ivoire alikaa nje miezi 6 mwaka 2011 kwa vidonge vya kupunguza uzito vya mke wake. Kwa hiyo dawa za mama watoto ziwe na kabati lake.

Mafuta ya CBD yanayopita Kasumbalesa?

CBD yenyewe iliondolewa kwenye orodha mwaka 2018. Shida ni chupa: mafuta mengi ya CBD yana THC ndani, kiasi ambacho lebo haikisemi. Zambia ilipitisha sheria ya kilimo cha bangi kwa leseni mwaka 2021, na hiyo haimruhusu mchezaji chochote. Usinunue.

Nasikia Marekani wameacha kuwafungia wachezaji. Kwa nini si sisi?

Kwa sababu ligi zao si wanachama wa mfumo wa AMA. Zinapatana na vyama vya wachezaji. NFL, ile ya mpira wao wa kushika kwa mikono, ilikuwa inawafungia watu msimu mzima kwa bangi. Makubaliano ya mwaka 2020 yaliondoa kufungiwa kwa sababu ya kipimo peke yake, yakapandisha kiwango kutoka nanogramu 35 hadi 150, na upimaji ukabaki kwenye kipindi cha kuanza kambi. Mwishoni mwa 2024 kiwango kikapanda hadi 350. Adhabu iliyobaki ni faini. NBA waliiondoa bangi kwenye upimaji mwaka 2023. Lakini mchezaji yule yule wa NBA akienda Olimpiki, anarudi kwenye 150 kama wewe.

Walichobadilisha hakikutoka mbinguni, kilitoka kwenye meza ya majadiliano ambako wachezaji walikuwa na kiti. Wachezaji wa Kongo hawana meza yenye nguvu hiyo.

Mimi ni kocha wa vijana Ruashi. Nimemkuta mtoto wa miaka 16 anavuta nyuma ya uzio. Nifanye nini?

Usimtangaze mbele ya wenzake na usimpige. Muulize faraghani anavuta tangu lini, na nani anampa, kwa sababu mara nyingi anayempa ni mtu mzima anayeijua timu yako. Waite wazazi, au mjomba au bibi anayemlea, mzungumze pamoja. Mpumzishe mechi kadhaa kama kanuni zenu zinasema hivyo, lakini mbakize mazoezini: ukimfukuza, saa zile za mazoezi atazimalizia pale pale nyuma ya uzio. Kama anavuta kila siku, anahitaji mhudumu wa afya kabla hajahitaji hotuba yako.

Akiitwa kupimwa katika mashindano, mpeleke mwenyewe na ukae naye; mtoto chini ya miaka 18 ana haki ya kuwa na mtu mzima pembeni. Ukimwambia ajifiche, kosa linakuwa lako pia: kumsaidia mchezaji kukwepa upimaji kunamfungia kocha kuanzia miaka 2, na kunaweza kufika maisha.